Yona anashuka

Jumapili, usiku.

Mistari sita ya kitabu cha Yona kwa Kiebrania, tangu saa kumi jioni. Sita tu. Herufi mbili, dalethi na reshi, zimenitesa mno: kinachozitenganisha ni kijipembe cha nyuma, na kwa taa hii ya mezani nimeshachanganya neno zima mara mbili. Andiko ninalosoma limefuata mswada wa mwaka 1008 hivi, uliohifadhiwa Saint Petersburg. Aliyeunakili hakuwa na taa hata kama hii yangu, basi nisilalamike.

Nyumbani kwetu ukimtaja Yona tu, ubishi umeanza. Binamu atauliza nyangumi anammezaje mtu mzima, mjomba atajibu kwa Mungu yote yawezekana, chai itapoa. Miaka yote hiyo sijamsikia hata mmoja akiuliza hadithi yenyewe inasemaje. Nyangumi kwanza hayumo. Ni dag gadol, samaki mkubwa, na Biblia zetu za Kiswahili zinasema hivyo hivyo.

Leo nimeshikwa na kitenzi kimoja: yarad, kushuka. Yona anaambiwa qum, simama, uende Ninawi. Anasimama kweli, ila akimbie. Anashuka mpaka Yafa, anapata meli, analipa nauli, anashuka ndani yake. Hapo mkono wangu ulikuwa umeshaandika "akapanda", maana sisi chombo tunakipanda. Nikafuta. Tufani inapokuja ameshashuka tena, hadi chini kabisa ya chombo, na usingizi umemchukua: vayeradam. Lisome kwa sauti uone lilivyo jirani na vayered, "akashuka". Msimulizi anatuchezea huyu! Kisha nahodha anakuja kumwamsha, na amri ya kwanza kinywani mwake ni ile ile: qum.

Na chombo alicholala Yona, pale kimeitwa sefina. Nilicheka peke yangu. Safina! Neno hilo halipo popote pengine katika Biblia yote ya Kiebrania. Nikachungulia mbele: Ninawi inapewa arba'im yom, siku arobaini, Yona akichoka kuishi anaomba aondolewe nafshi, "nafsi yangu". Sisi tumeyapata kwa Kiarabu, ambacho na Kiebrania ni ndugu, lakini kuyakuta humo ni kama kukutana na mtu wa mtaani kwenu stendi ya mbali.

Mama alipiga simu katikati ya mstari wa tano. Akauliza kama bado nasali au siku hizi ni vitabu tu. Nikamwambia, mama, nasoma. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama nimekula.

Kesho sura ya pili, na kuna kioja kinaningoja. Anayemmeza Yona ni dag, dume. Mstari unaofuata Yona anaomba akiwa tumboni mwa daga, jike. Mwisho wa sura anatapikwa na dag tena. Rashi, mfafanuzi wa Ufaransa wa karne ya 11, aliona hilo akaamua samaki walikuwa wawili: ndani ya dume palikuwa na nafasi, Yona akakaa raha mustarehe, wala hakukumbuka kuomba. Akahamishiwa kwa jike aliyejaa watoto. Kule akabanwa, ndipo akaomba.