Jina langu katika daftari la matendo ya huruma

Jumapili usiku, 11 Mei 2025

Baba watoto alinishauri nilale mapema, lakini tangu Ijumaa jioni kuna sentensi moja ya bibi yetu wa matendo ya huruma, yaani anayepeleka misaada kwa wenye shida katika jumuiya yetu ndogo ya Kikristo, ambayo kila nikifumba macho huanza upya, kwa sauti yake ile ile ya kukwaruza na bila haraka yoyote, kana kwamba bado amesimama mlangoni pangu na ndoo miguuni. Kwa hiyo nimeamka, nimevaa sweta na kujitanda shuka la kimasai juu yake, maana baridi ya Njombe haikungoja Juni mwaka huu, na nimekaa mezani kuandika.

Yaliyotokea tangu fedha za wafadhili ziliposimama mwezi Januari, nami nikapoteza kazi, mnayajua, na sitarudia habari ya barua ya kusitisha mkataba wala ya kompyuta mpakato niliyoirudisha ofisini ikiwa bado na orodha ya wateja wa CTC, yaani kliniki ya matunzo na tiba kwa wanaoishi na VVU, waliopitiliza tarehe zao, ambao nilipaswa kuwapigia simu wiki iliyofuata. Wiki hii nayo ilikuwa na mambo yake makubwa, kwani Kanisa lilipata Papa mpya siku ya Alhamisi, mdogo wangu wa Makambako akajifungua salama, na baba watoto akaitwa kwenye usaili wa kazi Iringa. Yote hayo nimeyapokea kwa shukrani, na yote yamepita. Sentensi ya bibi haijapita.

Walikuja saa kumi na mbili na dakika zake, wakati nikichambua maharage karibu na mlango ili nipate mwanga wa mwisho. Niliwatambua kwa hatua kabla ya hodi: bibi anayeburuta mguu wa kushoto, na nyuma yake yule kijana niliyemwachia ukatibu wa jumuiya mwezi Februari, amebeba ndoo ya lita 20 iliyofunikwa kanga. "Tumsifu Yesu Kristo," akasema bibi. Nikaitikia, "Milele, amina," nikawakaribisha ndani, hawakuingia. Kijana akaitua ndoo kizingitini na kuondoa kanga. Kulikuwa na viazi ambavyo udongo wake ulikuwa bado mbichi, mfuko wa sukari, nusu mche wa sabuni, na juu kabisa maparachichi mawili yaliyofungwa kwa gazeti ili yasichubuke. Kwa mazoea ya miaka nikaanza kukagua kama vitu vimetimia, nikidhani wamenipitia ili twende pamoja kwa mgonjwa, hata nikauliza safari hii ni nani aliyepatwa.

"Ni ya hapa," akasema bibi.

"Bibi, nadhani mmekosea nyumba."

"Mwanangu, mwaka ule mzee wangu alipofariki ulikuja kwangu na sukari na unga. Mimi nilikuuliza kama umekosea nyumba?"

Hiyo ndiyo sentensi yenyewe. Hakuisema kwa ukali wala kwa huruma. Aliuliza kama mtu anayeuliza bei ya mkaa, kisha akasubiri jibu. Nilipokosa la kusema, kijana alitoa daftari kwapani, lile kaunta buku nililolivika mimi mwenyewe karatasi ya kalenda, akalifungua na kunionyesha kwa kidole mahali pa kutia sahihi. Safu hiyo ya sahihi niliianzisha mimi, baada ya mzozo mmoja wa maharage ya Kwaresima, na nakumbuka nilivyosimama mbele ya jumuiya nikieleza kwamba kila anayepokea aweke mkono wake, bila kumwonea mtu aibu wala kumpendelea mtu. "Weka sahihi, mwanangu, giza linaingia, na macho yangu unayajua," akasema bibi. Nikaweka, bila hata kusoma kilichoandikwa, nao wakaondoka kabla sijawaambia asante inayoeleweka. Akiwa tayari njiani bibi akageuka na kuongeza kwamba ndoo si ya jumuiya, ni yake, nisije nikamrudishia tupu.

Tangu hapo nimemjibu bibi nikiosha vyombo, nikimwogesha kitinda mimba, na hata leo wakati wa matoleo kanisani. Nimemwambia kwamba yeye alikuwa mfiwa na mimi sikufiwa na mtu. Nimemwambia kwamba alikuwa na umri wa kutunzwa na mimi nina cheti na mikono miwili, na kwamba mtaani petu kuna kaya ambazo zingepaswa kutangulia, nikazitaja moja baada ya nyingine kwa kuwa nilikuwa mwandishi wa orodha hiyo. Katika kila jibu bibi anasikiliza mpaka mwisho, hanipingi, na bado anasubiri nijibu alichouliza.

Nikijichunguza, viazi havikuniuma hata kidogo. Kilichoniuma ni kujua jinsi jina linavyoingia katika daftari lile, kwa sababu utaratibu naufahamu: baada ya kushirikishana Neno, mjumbe hutaja jina, mwenyekiti huuliza kama kuna mwenye nyongeza, watu hutazama chini, kunakuwa kimya kifupi, na katibu huandika. Kwa hiyo ipo Jumamosi moja ambayo sikuhudhuria, na Jumamosi hiyo walitazama chini kwa ajili yangu. Yupo aliyeona kwamba siku hizi simwiti muuza dagaa anapopita, na yupo aliyejua kwamba kadi yangu ya zaka haijajazwa tangu Machi, ingawa mweka hazina hakuniuliza hata kwa mzaha. Nilikuwa nikiamini kwamba hali yetu inajulikana humu ndani tu, kati ya kuta hizi na ninyi mnaonisoma kwa mbali.

Na maneno ya kunitia moyo sijayakosa. Tangu Februari simu yangu imejaa picha za machweo zenye aya za Biblia, sauti za dakika nne nne za watu wanaoniombea wakiwa kwenye daladala, na ahadi kwamba mlango mmoja ukifungwa Mungu hufungua mingine, jambo ambalo watu husema hasa wakiwa na mshahara. Siwalaumu, kwani nami nimewahi kutuma picha kama hizo. Lakini nimekuwa nikiwawaza marafiki wa Ayubu, ambao katika sura ya pili wanaketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila mmoja wao kumwambia neno, na naona kwamba kazi yao yote njema iliishia hapo, kabla hawajaanza kumweleza sababu za mateso yake. Hata bango la Jubilei la parokia yetu, lenye maneno "Mahujaji wa Matumaini", nimekuwa nikilipita kila Jumapili bila kuliinulia macho, kama mtu anavyompita anayemdai.

Katika semina za viongozi tulifundishwa kwamba maaskofu wa AMECEA, yaani wa nchi zetu hizi za Afrika Mashariki, ndio waliokutana Nairobi mwaka 1976 na kuufanya ujenzi wa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha uchungaji. Nilikuwa nikilieleza jambo hilo kwa wageni wetu kwa fahari kidogo: kaya chache zinazopakana, Neno la Mungu, sala, na kujuana. Hilo la mwisho nilizoea kulitaja haraka.

Jana asubuhi nilikwenda. Nilitaka sana kubaki kitandani, lakini kutokwenda siku moja tu baada ya kupokea ndoo kungekuwa tangazo kubwa kuliko kwenda. Tulikutana kwa mwenyekiti saa kumi na mbili alfajiri, tukajibana karibu na jiko la mkaa, na tukasoma Injili ya leo, Yohane 10, kuanzia aya ya 27: "Kondoo wangu waisikia sauti yangu, nami nawajua, nao wanifuata." Mzee mmoja alizungumza kwa kirefu kuhusu mpango wa Mungu. Mimi niliwaza wale wa kwenye orodha yangu ya CTC, ambao wengi wao hawajawahi kuniona uso na walinifahamu kwa sauti ya simu tu, mpaka mmoja akazoea kupokea kwa kusema, "Nakuja kesho, dada, usinigombeze." Mkoa wetu ndio ambao utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 uliukuta na maambukizi ya VVU ya asilimia 12.7 kwa watu wazima, wakati wastani wa nchi nzima ulikuwa asilimia 4.4, na sijui kama kuna anayempigia huyo bwana simu siku hizi. Nilipopewa nafasi ya kuomba niliwaombea wao, bila kujitaja, na sauti ikanikatikia njiani. Hakuna aliyenimalizia sala. Walingoja, nikaendelea.

Basi, tulipofika kwenye taarifa, bibi akalichukua daftari kwa kijana na kunirushia mapajani, akisema nisome mimi kwa sababu mwandiko wa kijana huyo unahitaji fundi. Nikafungua ukurasa wa mwisho, nikaanza kusoma kwa sauti kama nilivyozoea, jina, mahitaji, kilichotolewa, na nikafika kwenye jina langu. Chini ya safu ya mahitaji kijana alikuwa ameandika, kwa herufi kubwa na kwa uaminifu wote: KAZI. Chini ya safu ya kilichotolewa: viazi ndoo 1, sukari kilo 2, sabuni nusu mche, parachichi 2. Kisha sahihi yangu, imepinda.

Nilisoma hivyo hivyo kilivyo, na nilipofika kwenye parachichi sauti ilinikatika tena, lakini safari hii ni kicheko, kicheko ambacho kilianza tumboni na ambacho sikuwa nacho tangu mwaka uanze. Bibi akawa wa pili kucheka. Kijana alijitetea kwamba yeye aliandika alichoambiwa, kwamba dada anahitaji kazi, na kwamba kazi haikuwepo ghalani, na utetezi huo ukazidi kutuvunja mbavu mpaka mwenyekiti akalazimika kuanzisha wimbo ili tupate kuendelea. Machozi nilifuta kwa upande wa kitenge cha WAWATA, umoja wetu wa wanawake Wakatoliki, na sikumbuki kama nilimwonea mtu haya.

Nilipotulia niliendelea kusoma mistari iliyo chini, kwa kuwa bado nilikuwa msomaji, na mstari uliofuata ulikuwa wa zamu za kuwatembelea wagonjwa wiki hii. Zamu ya Jumapili: bibi, na mimi. Hakuna aliyekuwa amenifuta. Nilikuwa nimeandikwa mara mbili katika ukurasa mmoja, juu nikipokea na chini nikipeleka, kwa mwandiko ule ule mbaya, na inaelekea kijana hakuona kwamba kuna la ajabu hapo.

Leo baada ya Misa tumekwenda. Niliirudisha ndoo kwa bibi ikiwa na yale maharage niliyoyachambua Ijumaa, naye akaangalia ndani, akasema ni machache lakini ni masafi, akapunguza nusu na kuibeba nusu kwa mgonjwa. Njiani nilidhani ataligusa jambo letu, na nilikuwa nimejiandaa na jibu ambalo nilikuwa nimelinoa tangu Ijumaa, lakini alizungumzia bei ya mbolea kuanzia getini kwake hadi tulikofika. Kwa mgonjwa aliketi kitako kwenye mkeka akamenya viazi, mimi nikafua. Hatukuhubiri. Wakati wa kuondoka mama mwenye nyumba alisali yeye, akituombea sisi wawili, na katika orodha yake ndefu akaitaja Iringa na usaili wa baba watoto, ambao sikuwa nimemwambia mtu yeyote isipokuwa mweka hazina. Siku nyingine ningechukia.

Sentensi ya bibi bado inajirudia, nakiri, ila jioni hii nimeanza kuisikia pamoja na kicheko chake, na hilo limeifanya iwe nyepesi kuishi nayo.

Kinachoniweka macho sasa hivi ni jambo lingine kabisa. Nilipokuwa nikimpigisha mswaki kitinda mimba wetu nimegundua kwamba jino la ukubwani limeota nyuma ya lile la utoto, na la utoto halitikisiki hata kidogo. Shangazi yake anasema lifungwe uzi na kuvutwa, jirani anasema liachwe litaanguka lenyewe, na kadi ya bima ilikwisha pamoja na mkataba wangu. Kesho asubuhi nitampeleka kwenye kliniki ya meno nikaulize kwanza gharama, nikitumaini kwamba foleni ya Jumatatu haitakuwa ndefu na kwamba yeye hataikisia safari kabla hatujafika, kwa maana mara ya mwisho alipomwona mtu mwenye koti jeupe alikwenda kujificha chini ya benchi la mapokezi.