Bao la kujifunza
Jana alasiri, nikiwa barazani kwa mjomba wangu hapa Ujiji, nilicheza kwa mara ya kwanza bao la kujifunza, ambalo huanza kwa kuweka kete mbili katika kila shimo, yaani kete 64 katika mashimo 32, tofauti na bao la kiswahili ambalo kila mchezaji huanza akiwa na kete 22 mkononi. Nilikula kete tano kwa mkupuo, nikajiona bingwa, kumbe nilikuwa nimeisahau safu yangu ya mbele. Mjomba akazitawanya kete zake taratibu, shimo baada ya shimo, akala hadi safu hiyo ikabaki tupu, na hapo ndipo mchezaji hushindwa. (Hakusema neno, alikunywa kahawa yake tu.) Asiye na ubao anaweza kuchimba mashimo mchangani, safu nne za mashimo manane.