Waalbania wa Bonde la Preševo: anwani ikifutwa

Kusini mwa Serbia, Waalbania wengi wako Preševo, Bujanovac na Medveđa. Mapigano ya waasi wa Kialbania dhidi ya serikali yalikwisha 2001. Siku hizi ugomvi ni wa makaratasi. Sheria ya makazi ya 2011 inawapa polisi ruhusa ya kukagua kama mtu anaishi kweli pale alipojiandikisha. Wasipomkuta, anwani yake inaweza kufutwa. Bila anwani hapati kitambulisho kipya wala pasipoti, na jina linatoka kwenye daftari la wapiga kura. Walio kazini Uswisi au Ujerumani ndio hunaswa kirahisi. Kukagua si kosa, ila Waalbania wanalalamika kwamba wao ndio wanaoandamwa. Medveđa, walikobaki wachache, kura kidogo tu zikipungua kiti cha udiwani kinaponyoka.