Sola Ikijaa Saa Tano Asubuhi

Fundi aliyenifungia sola hapa Chamwino, Dodoma, aliniachia wosia mmoja: "Mzee, betri zikijaa umeme wa ziada ni bure, washa chochote, haumdhuru mtu." Jirani yangu aliuamini. Pampu yake ya kisima kirefu inavuma tangu asubuhi, tangi linafurika, bata wanaogelea barabarani. Sasa ikifika saa nane kisima kinatoa tope, naye anataka kuongeza paneli!

Jua halimaliziki, maji yanamalizika. Pale Makutupora, kwenye visima vinavyonywesha jiji la Dodoma, maji ya ardhini hupanda hasa miaka ya mvua kubwa kama El Niño ya 1997/98, kisha hushuka taratibu. Mvua zetu za kawaida haziyarudishi hivihivi.

Nusu ya maneno ya fundi ni kweli. Betri zikijaa, kontrola, kile kifaa kinachosimamia kuchaji, inazibana paneli, na umeme ambao zingeutoa haupatikani tena. Ukiutumia saa hizo huongezi moshi wowote. La kuuliza ni unaufanyia kazi gani.

Mimi nilitaka umeme huo uniondolee mkaa. Dukani nikauziwa jiko la presha la umeme la wati elfu moja, na muuzaji akaapa kwamba inveta yangu ya wati mia nane, ile inayougeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani, "inabeba tu". Familia ikajipanga mlangoni kama tunapokea bibi harusi. Nikabonyeza. Inveta ikapiga yowe, nyumba nzima ikazima, na redio ya mama mkwe ikakatika katikati ya matangazo ya vifo. Akanitazama, akasema, "Baba, kuni zipo kule nyuma."

Jiko lile nikampa shemeji mwenye umeme wa gridi wa TANESCO. Nikachukua sufuria ya umeme ya kupikia wali, wati mia nne na kitu, bei yake haifiki hata nusu. Maharage yaliyolala kwenye maji nayatokosa nusu saa jua likiwa utosini, kisha chombo cha ndani nakitoa na mfuniko wake, nakiviringisha blanketi na kukizika kwenye tenga lililoshindiliwa matambara. Jioni yameiva, yanatoa mvuke, na mama mkwe anaomba aongezewe. Gunia la mkaa lililokuwa linaisha mwezi sasa linavuka wa pili.

Wingu likitanda nachomoa, maana hapo betri ndiyo inayopika, na betri ya madini ya risasi na asidi ukiikamua inakufa mapema. Kufa kwake si mchezo. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwatia watu sumu ya risasi, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Zangu zikichoka nazirudisha kwa muuzaji anayezipokea na asidi yake ndani, hata akinipunja. Yule mnunuzi wa mkokoteni anayemwaga asidi mtaroni ili apunguze uzito, kwangu hapati kitu.