Kurusha laivu ya msiba kutoka migombani

Mtu akisikia laivu yako inakwama, dawa anayo mfukoni: "Ongeza bando." Mimi niliongeza bando mpaka wauza vocha wa Marangu Mtoni wakanizoea, na picha iliendelea kuganda vilevile. Bando ni mafuta kwenye tangi, hayaondoi foleni barabarani.

Kazi yangu ni video: harusi, kipaimara, na zaidi misiba. Kwetu Uchagani mtu hata akifia Dar au ng'ambo, mara nyingi hurudishwa kuzikwa kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, na ndugu waliokosa nauli au ruhusa ya kazi wanataka kuona. Anayelipia laivu basi anakuwa Houston au Dubai, na ndiye huyohuyo anayepiga simu katikati ya ibada: "Kaka, mchungaji ameganda mdomo wazi."

Fundi mmoja mjini Moshi akaapa kwamba tatizo ni kompyuta. Laptop yangu ya mtumba haiwezi kubana video, nitafute ya gemu. Nikakodi moja kutoka Arusha, laki na ushee kwa wikiendi. Mashine kweli, lakini kibodi yake inawaka taa nyekundu, kijani na zambarau, zinakimbizana, na meza yangu ilikuwa hatua chache kutoka kwenye jeneza. Mzee wa kanisa akanijia polepole, akaniinamia sikioni: "Kijana, zima hiyo disko, tunaaga." Sikujua inazimiwa wapi. Nikaazima khanga kwa mama mmoja wa jikoni nikaifunika kibodi. Joto likapanda, feni zikaanza kunguruma, ngurumo ikaingia kwenye maikrofoni. Houston wakaandika kwamba kuna jenereta karibu na mchungaji. Na picha? Iliganda.

Ila mashine ile ilinisaidia kwa jambo moja. Kwenye OBS, programu ninayorushia laivu, kuna dirisha dogo la takwimu ambalo wengi hawalifungui kabisa. Linahesabu hasara kwa mafungu: fremu (zile picha moja moja zinazounda video) zilizodondoka kwa sababu ya mtandao, zilizorukwa kwa sababu kompyuta imeshindwa kubana video kwa wakati, na zilizokosekana kwa sababu kadi ya picha imelemewa. Siku ile ya disko, mafungu mawili ya kompyuta yalisoma sifuri na la mtandao lilikuwa linapanda tu. Hapo ndipo nilipoacha kusikiliza mafundi. Laptop yangu ya mtumba niliporudia kuitumia ilionyesha kuzidiwa kidogo upande wa kubana, nikaihamishia kazi hiyo kwenye chipu ya picha ya Intel badala ya prosesa, ikatulia. Bure kabisa. Na iwe kwenye chaja: ikitumia betri inajipunguza nguvu yenyewe.

Sasa mtandao. Kinachoniudhi ni watu kunionyesha kipimo cha spidi na kuniwekea kidole kwenye namba kubwa. Namba kubwa ni ya kushusha. Mrusha laivu anapakia, na namba yake ni ile ndogo ambayo hakuna anayeisoma. Halafu kipime saa ambayo watu wamejaa. Ijumaa jioni kihambani kwa marehemu napata megabiti nane za kupakia, nalala usingizi. Jumamosi saa sita mchana, watu mia kadhaa wamekaa chini ya maturubai, kila mmoja na simu, nusu yao wanatuma picha za jeneza WhatsApp, wote kwenye mnara mmoja: naambulia chini ya megabiti moja. Desemba, Wachaga wote wakiwa wamerudi nyumbani, ndiyo usiseme.

Dawa niliyoipata naiuza kwa bei ya kusoma hapa. Nilizunguka kihamba chote na simu mkononi, napima namba ndogo kila pembe, wakata ndizi wananitazama kama nimechanganyikiwa. Bondeni chini ya migomba, hakuna kitu. Majani yale yamejaa maji, na ukingo wa bonde unaukinga mnara. Juu, nyuma ya zizi, palipo na mnara wa tangi la maji, laini ya kampuni nyingine, ambayo wageni wengi hawaitumii, ilikuwa na megabiti sita hata wakati wa ibada. Basi nikanunua ruta ndogo ya 4G, nikaitia kwenye mfuko wa plastiki wenye matundu chini, nikaifunga kwa mpira wa baiskeli kwenye ngazi ya tangi, umeme wake powabanki. Kutoka pale nikashusha kebo ya LAN ya mita hamsini kupitia migombani hadi meza yangu. Kebo ya namna hiyo inafika hadi mita 100 bila shida, wakati ya USB inachoka mita tano tu. Wi-Fi sikuitaka: watu waliowasha hotspoti chini ya turubai wanavurugana hewani. Vyote kama laki mbili na kidogo, nafuu kuliko kukodi disko mara mbili.

Kijana mmoja aliikaribia kebo na panga akitafuta majani ya kufunikia chakula. Tangu hapo naipitisha juu, na wakata ndizi nawasalimia kwanza kabla hata ya kufungua begi.

Bitireti, yaani kiasi cha data unachorusha kila sekunde, nayo usione aibu kuishusha. Narusha picha ya ukubwa wa 720p, fremu 30 na kilobiti 2500 kwa sekunde, ambayo kwa hesabu ni kama GB 1.2 kwa saa ukijumlisha sauti, kwa hiyo bando la kutisha halihitajiki. Kanuni yangu: nisitumie zaidi ya nusu ya nilichopima. Krismasi nashuka hadi 1500, na hakuna aliyewahi kulalamikia ukungu, wanalalamikia kukwama. OBS ina kitufe, kwenye mipangilio ya "Advanced", cha kuiruhusu ipunguze bitireti yenyewe mtandao ukibanwa. Kiwashe. YouTube nako chagua ucheleweshaji wa kawaida, siyo ule wa kasi. Houston wakichelewa sekunde kadhaa kuona udongo ukitupwa, hawapungukiwi kitu. Na simu ya shemeji isijiunge kwenye ruta yako, maana itaanza kupakia picha zake za mwaka mzima kwenye hifadhi ya mtandaoni bila hata yeye kujua.

Kuna siku hutatibu chochote. Mei 12, 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika baharini upande wa Afrika Kusini, na hata ruta ungeipeleka Kibo isingesaidia. Siku kama hiyo rekodi, pakia baadaye.

Na akilalamika mmoja, usiguse kitu. Uliza wa pili aliye mji mwingine. Mjomba wa Dubai alinisumbua ibada nzima kwamba picha haitembei, Houston wanaona safi, Dar wanaona safi. Kumbe alikuwa anatazama ndani ya lifti.