Dawa yangu ya Ijumaa

Kilichonishinda kwanza ni mkasi. Mimi ni fundi cherehani hapa Tandika, na mkasi wangu ni ule mzito wa chuma. Asubuhi moja natia vidole, haviingii. Vifundo vimevimba mikono yote miwili, vina moto, na ugumu haukuniachia mpaka saa nne. Mama akasema, "Mwanangu, hiyo baridi, acha kulala na feni." Nikaacha. Nikachua mafuta ya mkaratusi, nikameza diklofenaki mpaka tumbo likakataa. Miezi saba ikaenda hivyo. Inaniuma hadi leo, maana mfupa ukishaliwa haurudi.

Kliniki walinipima damu, wakaniambia ni baridi yabisi. Nikauliza, "Sasa dokta, kama si feni ni nini?" Akachora kidole kwenye karatasi, akaonyesha utando mwembamba uliofunika kiungo kwa ndani. Kinga yangu ilikuwa inaushambulia huo. Seli zinatoa protini za kuitana, mojawapo TNF, na zinazoitikia zinaita nyingine. Utando unanenepa, unatafuna gegedu, ile tabaka laini ya mwisho wa mfupa, na mfupa wenyewe. Kwetu tumezoea kusikia kinga imeshuka. Yangu haikushuka, ilikosea adui. Ndiyo maana diklofenaki ilituliza maumivu tu, mashambulizi yakaendelea.

Nikaandikiwa methotreksati, dawa ya kutuliza kinga, vidonge sita vya miligramu 2.5, mara moja kwa wiki. Tukachagua Ijumaa. Nikaenda kununua duka la dawa, nikapanda daladala, na ndani ya daladala nikasoma bahasha: "6x1 kila siku." Moyo ulinilipuka. Nilishuka kituo kilichofuata, nikarudi na cheti mkononi. Dada wa dirishani alisoma, akanyamaza, akafuta kwa kalamu. Ndugu yangu, dawa hii ikinywewa kila siku inatoa vidonda mdomoni, inaua seli za damu, na inaweza kuua mtu. Isome bahasha kabla hujatoka dukani.

Haikufanya kazi upesi. Wiki ya kwanza hadi ya sita nilishona kidogo sana, nikapewa na prednisoloni ya muda, dawa ya kushusha uvimbe. Wiki ya kumi nikakata kitenge cha doti nzima bila kupumzika. Nililia palepale juu ya meza.

Kila mwezi napima damu na ini. Mwenye kutaka kubeba mimba azungumze na daktari mapema, maana dawa hii inadhuru mtoto tumboni. Nimeuliza pia kuhusu sindano za kuzuia TNF, ambazo watafiti Feldmann na Maini walianza kuwajaribia wagonjwa wa baridi yabisi London mwaka 1992. Bei yake siiwezi, na kwa sasa vidonge vinatosha. Ila kabla ya sindano hizo lazima upimwe kifua kikuu, kwa sababu TNF hiyohiyo ndiyo inayosaidia kuwafungia vijidudu vyake mapafuni. Ukiizuia, waliolala wanaamka. Mimi niliwahi kumuuguza mjomba mwenye kifua kikuu, kwa hiyo nililisikiliza hilo kwa makini.

Jumamosi nakunywa asidi ya foliki, vitamini ya kupunguza madhara ya methotreksati. Nayo ni kidonge kidogo cha njano, kama zile za Ijumaa, kwa hiyo sizichanganyi: foliki ipo jikoni, methotreksati ipo kwenye droo ya cherehani, na ufunguo anao mama. Ijumaa baada ya Isha anaifungua, anahesabu sita kiganjani mwangu, anafunga.