Kipindi cha michezo kipo kwenye ratiba tu
Binti yangu yuko darasa la nne. Ratiba yake ina kipindi cha michezo, ila nikimuuliza wamecheza nini, jibu ni lile lile: "Mwalimu wa hesabu alikichukua." Na wiki wakienda uwanjani kweli, mpira ni mmoja kwa darasa zima. Wengi wamesimama wakisubiri zamu. Kati ya dakika 40, mtoto anatokwa jasho labda 10, tena akibahatika.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi ya kutweta kidogo au zaidi, kila siku. Kwa siku jamani, si kwa wiki! Na angalau siku 3 katika wiki yawemo ya kuimarisha misuli na mifupa, kama kuruka na kukimbia.

Niligusia hili kwenye kikao cha wazazi, nikaambiwa mitihani iko karibu. Sawa. Lakini hata mapumziko mnawafungia darasani wamalizie kazi? Hilo ndilo linaloniudhi zaidi, maana kukimbizana hakuhitaji mwalimu wala vifaa, na ndipo watoto wanapokimbia hasa.

Wa kwenu wanatoka nje mara ngapi?